Bomba Likizeeka, Nani Atalipa?

Nyanda za Juu Kusini zina bahati ambayo mikoa mingi ya nchi hii haina: maji yake yanatembea yenyewe. Chemchemi iko mlimani, kijiji kiko chini yake, na kinachohitajika ni banio dogo la kukinga maji, mtaro na bomba. Hakuna pampu ya kuungua, hakuna dizeli ya kununua, hakuna bili ya umeme. Mafundi wanauita mserereko, na kila mita kumi za mteremko huongeza presha ndani ya bomba bila mtu kutoa senti. Mwenzetu wa Dodoma au Shinyanga, anayechimba kisima kirefu kisha aanze kutafuta nishati ya kuvuta maji, angeshangaa kusikia kwamba na sisi huku tuna miradi iliyokufa.

Lakini tunayo. Iko Mufindi, iko Kilolo, iko Wanging'ombe, iko Mbozi, iko Rungwe kwenye mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Vituo vya kuchotea maji vimeota majani huku mto unasikika ng'ambo ya shamba. Ndiyo maana nauona ukanda huu kuwa mahali pazuri kuliko pote pa kuipimia sera ya maji ya Tanzania. Kwingine mradi ukifa utaambiwa ni ukame, ni chumvi ya kisima, ni bei ya mafuta. Huku sababu hizo hazina nguvu. Mradi wa mserereko ukifa, inabidi tuangalie namna tulivyogawana kazi na namna tulivyogawana gharama.

Hoja yangu ni moja. Kwa zaidi ya miaka 30 sera zetu zimeeleza vizuri nani anajenga, nani anaendesha na nani anakusanya fedha ya ndoo. Kuhusu siku ile bomba lenyewe linapofika mwisho wa umri wake, ukisoma makaratasi utaona mzigo unamwangukia mtumia maji; ukifika kijijini utakuta hauna mwenyewe. Pengo hilo liko nchi nzima, ila mserereko ndio unaolificha kwa muda mrefu zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila Mtanzania wa kijijini awe anapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Maji yalikuwa bure. Wafadhili wakagawana mikoa: Waswidi walikwenda Kanda ya Ziwa, Wafini Mtwara na Lindi, Wanorwe Rukwa na Kigoma, na Denmark, kupitia shirika lake la Danida, ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wakati huo Njombe ilikuwa bado sehemu ya Iringa, na Songwe sehemu ya Mbeya. Mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo mitatu ulikamilika 1982, na kwa miaka iliyofuata mabomba yakalazwa kijiji kwa kijiji, mengi yakiwa ya mserereko. Hadi leo kuna vijiji ambako watu wakisema "bomba la Danida" kila mtu anajua ni lipi.

Bomba lililolazwa 1985 limetimiza miaka 40. Wahandisi kwa kawaida hupanga mradi wa kijiji kwa ajili ya watu watakaokuwepo miaka 20 mbele. Kwa hiyo mabomba mengi ya kizazi kile yameishi maisha mawili, na kijiji kilichopangiwa vituo vitano sasa kina shule ya sekondari, zahanati, wageni wa kwenye mashamba ya mbao na nyumba zinazotaka bomba la uani.

Katikati ya safari hiyo kanuni zilibadilika. Sera ya Maji ya 1991 ilileta wazo la wananchi kuchangia. Sera ya 2002 ikaenda mbali zaidi: jamii imiliki mradi, iuendeshe na ilipe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya 2009 ikaunda vyombo vya watumia maji mahali pa zile kamati za maji za kijiji, na Sheria Namba 5 ya 2019 ikaanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ulioanza kazi Julai mwaka huohuo. Kila mabadiliko yalikuwa na mantiki yake, na sitaki kuyabeza. Ila angalia alichorithishwa mwanakijiji: mali ambayo hakuijenga, hakuichagulia ukubwa, hana michoro yake, na ambayo nusu ya umri wake ilikuwa imeshapita.

Wizara ya Maji ilipofanya kazi kubwa ya kuvihesabu na kuvichora kwenye ramani vituo vyote vya maji vijijini, kati ya 2011 na 2013, ilibainika kuwa takriban asilimia 40 havitoi maji. Uchambuzi wa Benki ya Dunia uliofuata ulionyesha pia kwamba karibu kituo kimoja kati ya vitano kilikuwa kikiharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Takwimu hizi mbili hutajwa pamoja, ila zinaeleza vifo viwili tofauti na kila kimoja kina tiba yake.

Kifo cha mwaka wa kwanza ni cha usanifu na ujenzi. Huku kwetu chanzo kikuu chake ni kupima chemchemi wakati usiofaa. Maji ya mlimani hupungua kabisa mwishoni mwa kiangazi, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha chanzo. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai, fedha za upembuzi zinachelewa, na zikifika Februari chanzo kinapimwa Februari, mvua inanyesha, mto umejaa. Mkandarasi anajenga kwa vipimo hivyo, Mwenge unakuja, mradi unazinduliwa, na Oktoba inayofuata vijiji vya mwisho wa bomba havipati tone. Tiba yake ni nyepesi kuitaja: hakuna mradi wa mserereko upitishwe bila kipimo cha Oktoba cha angalau misimu miwili. Bodi za maji za mabonde ya mito zina vituo vya kupima mito na wataalamu wa kazi hiyo. Gharama ya kusubiri kiangazi kimoja ni ndogo kuliko gharama ya bomba tupu.

Kifo cha pili ndicho kinachonishughulisha zaidi, maana ni cha polepole na hakina mkosaji mmoja.

Mradi wa pampu unapofeli unapiga kelele. Mashine inanyamaza, kijiji kizima kinakosa maji siku moja, mkutano unaitishwa, mbunge anapigiwa simu. Mserereko unakufa kuanzia mkiani. Koki ya kutolea hewa inakwama, hewa inajikusanya kwenye kilima, maji yanapungua kidogo. Katapila la barabara linapita juu ya bomba lililofunuliwa na mmomonyoko, linatoboka, mhudumu analifunga kwa mpira wa baiskeli. Kule juu mtu anajitobolea bomba kuu ili anyweshee bustani ya nyanya. Kwenye tanki la kupunguza presha boya linaharibika na maji yanamwagika mchana kutwa. Fundi wa kijiji, kwa nia njema, anaamua kuliruka tanki hilo na kuunganisha bomba moja kwa moja, na presha yote ya mlima inashukia kwenye bomba jepesi lililo chini. Linapasuka. Lakini hata hapo kijiji cha kwanza, kile kilicho karibu na chanzo, bado kina maji, na mwenyekiti wa chombo anaweza kuwa anatoka huko. Vijiji vya katikati vinapata asubuhi tu. Vya mwisho vimesharudi mtoni. Kwenye taarifa mradi bado unasomeka kuwa unafanya kazi.

Sasa tazama upande wa fedha. Kijiji cha pampu kinalazimika kuchangishana kila mwezi, kwa sababu bila dizeli hakuna maji kesho. Nidhamu hiyo ni chungu lakini inajenga mazoea ya kulipa na kuweka hesabu. Kijiji cha mserereko hakina bili inayogonga mlango. Kikikaa kupanga mchango, mjadala ni mhudumu alipwe kiasi gani na koki zinunuliwe ngapi, na kiasi kinachopatikana ni kidogo, tena kwa haki, maana hakuna mzazi atakayetoa fedha ya ada ya mtoto ikae benki kwa ajili ya bomba ambalo leo linatoa maji. Miaka 25 inapita hivyo. Halafu mabomba yaliyolazwa pamoja yanachakaa pamoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua mradi wenye thamani ya Sh bilioni moja, ambao kwa bei za leo si mkubwa, unaohudumia kaya 500. Tuseme bomba lina umri wa miaka 25. Ili fedha za kulibadilisha ziwepo siku hiyo, kijiji kingepaswa kuweka kando Sh milioni 40 kila mwaka. Hiyo ni Sh 80,000 kwa kaya, karibu Sh 6,700 kwa mwezi, kabla hujamlipa mhudumu, kabla hujanunua koki hata moja, kabla dawa ya kutibu maji. Tena nimeacha mfumuko wa bei, na nimechukulia kwamba kila kaya inalipa bila kukosa kuanzia mwaka wa kwanza. Sijui diwani atakayesimama mbele ya wakulima wa viazi wa Makete na kuwaambia hilo linawezekana.

Na huyo mkulima tayari analipa ghali. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa Sh 50 analipa Sh 2,500 kwa yuniti moja ya maji, yaani lita 1,000, huku amebeba ndoo mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kanuni ya 2002 ilikuwa sahihi nusu. Ni haki mtumia maji alipe uendeshaji na matengenezo ya kawaida: mhudumu, koki, boya, kipande cha bomba kilichopasuka, kusafisha tanki. Kubadilisha mradi mzima ni jambo la aina nyingine, na inapaswa kuandikwa kwenye sheria kwamba ni jukumu la dola, lenye fungu lake na ratiba yake. Tazama mijini. Serikali imewekeza zaidi ya Sh bilioni 100 kwenye mradi wa kuleta maji ya Mto Kiwira katika Jiji la Mbeya. Ni uamuzi mzuri; sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 385,279 wa jiji hilo na ya 2022 ikahesabu 541,603, yaani ongezeko la zaidi ya watu 156,000 ndani ya miaka kumi. Hakuna aliyewaambia wakazi wa Mwanjelwa au Uyole wachangishane kwanza miaka 25. Ni kijiji pekee, ambako kipato ni kidogo zaidi, ndiko tunakotarajia watu walipie bomba lijalo kwa fedha ya ndoo.

Fedha za kuanzia zipo. Mfuko wa Taifa wa Maji unapata Sh 50 kutoka kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini, na wabunge wamedai mara kwa mara tozo hiyo iongezwe hadi Sh 100. Wanapodai, wanazungumzia miradi mipya. Mimi ningeomba jambo tofauti: hata kabla ya kuongeza, sehemu inayojulikana ya ile Sh 50 ifungiwe kwa ajili ya kubadilisha miundombinu iliyomaliza umri, na isiguswe kwa mradi mpya hata katika mwaka wa uchaguzi. Ili fungu hilo lisigawanywe kwa kujuana, RUWASA iwe na daftari la mali la wazi kwa kila wilaya: mradi upi, bomba la aina gani, ulilazwa mwaka gani, unatarajiwa kuisha lini. Mwananchi wa Wanging'ombe, ambako mradi mkubwa wa mserereko umo katika orodha ya miradi ya kitaifa, ana haki ya kujua kama bomba la kijijini kwake liko kwenye foleni ya mwaka gani.

Najua pingamizi litakalokuja. Wananchi wakijua Serikali itabadilisha bomba, si wataliacha life mapema? Wapo watakaofanya hivyo. Ndiyo sababu fungu la ubadilishaji lifungwe na masharti: chombo cha watumia maji kiwe na hesabu zilizokaguliwa, mhudumu anayelipwa, na kumbukumbu za matengenezo. Hapo RUWASA imeshaanza vizuri. Imeunganisha vyombo vidogo kuwa vikubwa vyenye uwezo wa kuajiri fundi na mhasibu, na malipo mengi sasa yanapitia namba ya malipo ya Serikali badala ya daftari la mweka hazina. Hata ule mpango wa lipa kwa matokeo, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 350 ulioidhinishwa 2018, ulitaka fedha zitoke kwa huduma inayodumu na si kwa bomba jipya peke yake. Mwelekeo upo. Kinachokosekana ni mtu wa nje wa kuhakiki. Mijini kuna EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inayopanga bei, kuchapisha taarifa na kusema hadharani mamlaka ipi ya maji inapoteza maji kiasi gani. Ndiyo tunajua kuwa kiwango kinachokubalika cha upotevu ni asilimia 20 na kwamba wastani wa mamlaka zetu ni zaidi ya theluthi moja. Vijijini, anayejenga mradi ndiye anayesimamia chombo na ndiye anayetoa takwimu za upatikanaji wa maji. Lengo la asilimia 85 vijijini ifikapo 2025 lilipimwa hivyo. Simtuhumu mtu kwa udanganyifu. Nasema mtihani haufai kusahihishwa na aliyeufanya.

Hadi hapa nimeshuka na maji kwenda chini. Gharama nyingine isiyo na mwenyewe iko juu ya banio.

Nenda kwenye mabonde ya Iringa na Njombe wakati wa kiangazi utakuta vinyungu: matuta ya mahindi mabichi, maharage na mboga kwenye ardhi yenye unyevu kando ya vijito. Kwa familia nyingi za Wahehe na Wabena kinyungu ndicho kinachovusha miezi ya njaa na kulipa sare za shule. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kisayansi sina ugomvi na sheria hiyo. Chemchemi ikilimwa hadi mdomoni, itapungua na maji yake yatachafuka. Milingoti, yaani mikaratusi, ikipandwa kando yake, inakunywa kuliko mivengi na miti mingine ya asili iliyokuwepo. Wanaosema vyanzo vya huku vinazidi kudhoofika hawasemi uongo.

Ila fikiria nani anayeambiwa aondoke. Mserereko una tabia moja ambayo kwenye warsha haitajwi: hauwezi kupandisha maji. Kijiji kilichoko juu ya banio hakihudumiwi na mradi wa chini yake. Kwa hiyo mara nyingi wale wanaotakiwa kuacha vinyungu, kung'oa milingoti waliyoipanda kama akiba ya uzeeni na kulinda msitu, ndio haohao ambao bomba haliwafikii. Wanatazama maji yanatoka kwenye ardhi yao, yanaingia kwenye tanki lenye bango la mradi, yanaelekea kwa watu wengine. Kinachowafikia ni onyo la mtendaji wa kata. Halafu tunashangaa bomba likitobolewa usiku.

Hapa suluhisho si amri nyingine. Kila mradi unaochukua maji kijijini uwe na wajibu wa kwanza wa kukipatia maji kijiji cha juu, hata kwa pampu ndogo ya sola, kabla haujahudumia wa chini. Na katika bei ya kila yuniti inayouzwa kuwe na senti kadhaa zinazopanda mlima kurudi: miche ya miti rafiki wa maji, fidia ya kinyungu kilichofungwa, mshahara wa mlinzi wa chanzo anayetoka kijiji hichohicho. Manispaa ya Iringa inakunywa maji ya Ruaha Mdogo yanayoanzia nyanda za Mufindi, na ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo nchini kufunga mita za maji za malipo ya kabla. Kama mita inaweza kukata deni kabla maji hayajatoka, inaweza pia kutenga fedha ya chanzo kabla mkoba haujafika ofisini.

Ukitaka kuona kinachotokea pengo hili likiachwa kwa kipimo cha mto mzima, uangalie Ruaha Mkuu. Maji yake yanatoka kwenye miinuko ya Kitulo, Uporoto na Kipengere, yanashuka kwa mito ya Kimani, Chimala na Mbarali hadi bonde la Usangu, yanapita ardhi oevu ya Ihefu, yanatokea Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, na mwisho Mto Rufiji. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko wanajazana kwenye madimbwi, na waliobebeshwa lawama kwa muda mrefu walikuwa wafugaji. 2006 waliondolewa Ihefu, na 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Utafiti uliofanywa Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ulikuwa umeshaonyesha kitu kingine: sababu kubwa ilikuwa maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani.

Na sehemu ya uchepushaji huo tuliijenga wenyewe kwa jina la maendeleo. Banio la asili la miti, mawe na majani lilikuwa likivuja. Maji yaliyovuja yalikwenda kwa wa chini, na mafuriko yalilisomba kila mwaka. Miradi ya kuboresha skimu za umwagiliaji ikaleta mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Kwa skimu moja moja yalikuwa mafanikio. Kwa mto yalikuwa uwezo mpya wa kuchukua karibu kila kitu Septemba. Vibali vya kutumia maji navyo vilitolewa kwa kiasi kisichobadilika, lita kadhaa kwa sekunde, wakati mto wa kiangazi hubeba sehemu ndogo tu ya mto wa masika. Ukijumlisha vibali, vinazidi maji yaliyopo. Wakulima wa bonde la Mkoji, hukohuko Usangu, walikuwa wamelijua tatizo hili kabla ya ofisi yoyote, na walikuwa na zamu: siku za kijiji hiki, siku za kijiji kile. Kibali cha karatasi hakikuijua zamu hiyo.

Machi 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Haikuwa hivyo, na sidhani ilikuwa ahadi ya ubabaishaji. Ilikosa tu mahali pa kukaa kwenye bajeti. Mpunga wa Mbarali unalisha nchi, na mkulima wa Igurusi au Chimala akifunga banio wiki mbili za Oktoba anapoteza kitalu chake. Nani anamlipa? TANESCO, shirika la umeme, hulipa ada ya kutumia maji kwa bodi ya Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa, na sasa kuna bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo karibu asilimia 15 ya maji ya mto wake hutoka Ruaha Mkuu. Umeme huo unauzwa. Utalii wa hifadhi unauzwa. Kufunga banio ni gharama ya mtu mmoja na faida ya taifa zima, na bado tunamwendea kwa faini peke yake. Vibali vya Usangu viandikwe upya kwa mgawo wa asilimia ya mto uliopo siku hiyo, na ada za wanaozalisha umeme zirudi kwa sehemu inayojulikana kwa jumuiya za watumia maji zinazoheshimu mgawo huo.

Tunayo nafasi moja ya kufanya vizuri kabla mazoea hayajaota mizizi, nayo ni Kiwira. Mto huu unatoka milima ya Rungwe na Uporoto kwenda Ziwa Nyasa, na kwa hiyo ni sehemu ya bonde la Zambezi tunalochangia na nchi nyingine. Jiji la Mbeya liko upande wa pili wa mgongo wa milima. Maji yake machafu huelekea Mto Songwe na Ziwa Rukwa. Tunahamisha maji kutoka bonde moja hadi jingine, na hayatarudi. Anayelima chai, viazi na ndizi Rungwe anaombwa kutunza miteremko kwa ajili ya bomba la jiji ambalo si lake, kwa miaka yote ambayo bomba hilo litaishi.

Makubaliano yake yanapaswa kuandikwa sasa: vijiji vipi vya Rungwe vitapata maji kutoka mradi huohuo, senti ngapi za kila yuniti zitarudi kwenye chanzo, nani atazikagua, na fungu la kubadilisha bomba kuu litaanza kujazwa mwaka gani. Kabla bei ya maji ya mjini kubadilishwa, EWURA huitisha taftishi ya wazi ambako mtu yeyote anaweza kusimama na kuhoji. Taftishi ijayo ya Mbeya ndiyo mahali pa kuyadai hayo, na madiwani na wakulima wa Rungwe wapelekewe mwaliko na nauli, wakae viti vya mbele pamoja na wa Jiji.